Kompyuta za kuvaliwa na simu za angani: wenye hisa walioachwa njiani

Barabara itokayo Washington kuelekea uwanja wa ndege wa Dulles, katika jimbo la Virginia, imepakana na majengo ya vioo yenye ofisi za kampuni za kompyuta na mawasiliano. Katika miaka ya 1990 ukanda huo, pamoja na jiji lenyewe na vitongoji vyake vya Maryland, ulikuwa makao ya kampuni kadhaa zilizowaambia wanunuzi wa hisa kwamba siku si nyingi watu wangevaa kompyuta mwilini, wangepiga simu kupitia setilaiti na wangesikiliza redio kutoka angani.

Sehemu kubwa ya utabiri huo ilitimia. Hata hivyo, wengi wa waliozinunua hisa hizo wakazishikilia walipoteza fedha zao. Ni jambo linalofaa kuangaliwa kwa makini na Waafrika Mashariki wanaoishi ughaibuni, ambao leo wanaweza kununua hisa za namna hiyo kwa simu ya mkononi, wakati mwingine kwa akiba iliyokusudiwa kiwanja au karo ya shule nyumbani.

Hisa hizi huitwa za kubahatisha kwa sababu bei yake haitokani na faida ambayo kampuni imekwisha kuipata, bali na ile inayotarajiwa kuja. Matarajio yakipanda, bei hupanda. Yakififia, hakuna gawio wala mali ya kutosha ya kuizuia isiporomoke.

Kompyuta ya kiunoni

Mfano ulio wazi zaidi ni kampuni ya Xybernaut, iliyoasisiwa na Edward Newman mwaka 1990 na kuwa na makao yake Fairfax, Virginia. Ilitengeneza kompyuta iliyofungwa kiunoni kwa mkanda, yenye kioo kidogo kilichowekwa mbele ya jicho na uwezo wa kupokea amri kwa sauti. Ilikusudiwa mafundi wa ndege, mafundi wa simu wanaopanda nguzo, na wanajeshi. Yaani watu ambao mikono yao haina nafasi ya kushika kompyuta.

Hisa za Xybernaut ziliingia katika soko la Nasdaq mwaka 1996. Katika homa ya teknolojia ya mwaka 2000 bei yake iliruka juu kama za wenzake. Kampuni hiyo ilikuwa na hataza nyingi, IBM ikiitengenezea mashine zake, na mwaka 2002 ilileta sokoni kompyuta ya kuvaliwa ya wateja wa kawaida, iitwayo Poma, kwa takriban dola 1,500. Kwa mtu aliyesoma habari za magazeti peke yake, mambo yalikuwa mazuri.

Hesabu zilisema mengine. Mwaka 2001 na 2002 mapato yake yalikuwa kama dola milioni 10 kwa mwaka, na hasara ilizidi mara mbili ya hayo. Pengo hilo lilizibwa kwa kutoa hisa mpya na kuziuza kwa wawekezaji wakubwa, mara nyingi kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo mnunuzi mdogo asipopaangalia. Chukua mtu mwenye hisa 1,000 katika kampuni yenye hisa milioni 20: anamiliki sehemu moja kati ya 20,000. Kampuni ikiendelea kutoa hisa hadi zikafika milioni 100, yeye anabaki na sehemu moja kati ya 100,000, ilhali hajauza hata hisa moja. Hisa za Xybernaut zilipita idadi hiyo ya milioni 100.

Mwezi Aprili mwaka 2005 kamati ya ukaguzi ya bodi ilitoa matokeo ya uchunguzi wake, ikimtuhumu Newman kutumia fedha za kampuni kwa matumizi yake binafsi, na kwamba jamaa zake waliajiriwa bila utaratibu wa kutosha. Wakaguzi wa hesabu, Grant Thornton, waliondoa idhini waliyokuwa wameitoa kwa hesabu za miaka ya nyuma. Nasdaq iliziondoa hisa hizo sokoni, na mwezi Julai mwaka huo kampuni ikaomba kinga ya mufilisi. Ilitoka chini ya kinga hiyo mwishoni mwa mwaka 2006, lakini haikurudia tena hadhi yake.

Mwaka 2013 Google ilianza kuuza miwani yake ya kompyuta, nayo kwa dola 1,500. Mwaka 2015 ikaja saa ya Apple, ambayo imeuzwa kwa mamilioni. Wazo la Fairfax lilikuwa sahihi; lilitangulia tu kwa muongo mzima na mtaji usiotosha kungoja.

Simu ya dola 3,000

Iridium, ambayo ofisi yake kuu ilikuwa katikati ya jiji la Washington, ilianguka kutoka juu zaidi. Ikiungwa mkono na Motorola, ilirusha setilaiti 66 na kutumia takriban dola bilioni 5. Huduma ilianza Novemba 1998. Simu yenyewe ilikuwa nzito, iligharimu kama dola 3,000 na haikufanya kazi ndani ya nyumba. Wakati huohuo minara ya simu za kawaida ilikuwa ikienea upesi kuliko ilivyodhaniwa. Baada ya miezi tisa tu, Agosti 1999, kampuni iliomba kinga ya mufilisi.

Wanunuzi wapya waliuchukua mtandao huo mwishoni mwa mwaka 2000 kwa takriban dola milioni 25, wakasaidiwa na mkataba wa wizara ya ulinzi ya Marekani. Iridium ipo hadi leo, makao yake ni McLean, Virginia, na kati ya 2017 na 2019 ilirusha setilaiti mpya. Lakini hisa zilizouzwa mwaka 1997 hazikuvuka pamoja nayo. Katika mahakama ya mufilisi wadai hulipwa kwanza, benki zikiwa mbele; mwenye hisa yuko mwisho wa foleni.

Katika kipindi hichohicho Teligent ya Vienna, Virginia, iliyopeleka simu na intaneti majumbani mwa biashara kwa antena za paani, iliona hisa yake ikikaribia dola 100 mapema mwaka 2000. Mei 2001 ilifilisika.

Redio ya Afrika

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki jina lililo karibu zaidi ni WorldSpace, ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Setilaiti yake ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, ikaleta matangazo safi ya redio, BBC ikiwemo, katika sehemu ambazo masafa mafupi yalikuwa yakikwaruza. Ofisi yake kuu ilikuwa Silver Spring, Maryland, mji wenye Waethiopia wengi, na si ajabu kwamba jina hilo lilitajwa kwa fahari.

Hisa zake ziliuzwa kwa umma Agosti 2005 kwa dola 21 kila moja. Mwaka 2006 na 2007 ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 100 kila mwaka, huku mapato yakiwa chini ya milioni 20. Wateja wa kulipia hawakufika 200,000, wengi wao wakiwa India. Redio maalumu yenye antena ya kuelekezwa angani ilikuwa ghali kwa wale hasa waliokusudiwa. Oktoba 2008 ikafilisika.

Mwaka huohuo, mwezi Juni, hisa za Safaricom ziliingia katika soko la Nairobi kwa shilingi 5. Nazo zilishuka chini ya shilingi 3 mwaka uliofuata, na wengi wakalalamika. Tofauti ni kwamba Safaricom ilikuwa na mamilioni ya wateja na ilikuwa ikipata faida. Mwaka 2021 hisa hiyo ilivuka shilingi 40.

Taarifa za kampuni zote zinazouza hisa kwa umma Marekani husomwa bure katika hifadhi ya tume ya hisa iitwayo EDGAR. Mistari michache hutosha kuanzia: fedha taslimu zilizobaki, kiasi kinachotumika kila robo mwaka, idadi ya hisa mwaka huu ikilinganishwa na mwaka uliopita, na maneno ya mkaguzi iwapo ana shaka kampuni itaweza kuendelea. Aliyekwisha kuuza kwa hasara anaruhusiwa na sheria ya kodi ya Marekani kuipunguza hasara hiyo katika faida nyingine za hisa, kisha katika mapato yake ya kawaida hadi dola 3,000 kwa mwaka. Inayobaki huihamishia miaka inayofuata.