Udongo wa Kuazima

Mwaka 1937 watoto wa shule za msingi nchini Ayalandi walipewa kazi ya nyumbani isiyo na majibu kitabuni: wakawaulize wazee mambo ya kale, kisha wayaandike. Walioomba ni Tume ya Fasihi Simulizi, iliyoundwa miaka miwili tu kabla. Hadi 1939 shule zipatazo 5,000 zilikuwa zimeshiriki, na maandishi yale yamehifadhiwa University College Dublin.

Kurasa za tiba ndizo tamu. Mwenye chunjua aisugue kwa konokono, kisha konokono achomekwe kwenye mwiba. Akikauka, chunjua nayo imekwenda. Mtoto mwenye kifaduro apitishwe mara tatu chini ya tumbo la punda. Jeraha linalovuja damu liwekewe utando wa buibui. Mwenye kikohozi anyweshwe mwani wa majabalini uliochemshwa na maziwa. (Mwani huo, carraigín kwa Kiayalandi, ndio uliotoa jina la karajinani, ute ambao kwa ajili yake viwanda vya ng'ambo hununua mwani wa akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar.)

Tiba nyingine zilikaa ndani ya mtu. Mwana wa saba, asiye na dada kati yake na kaka zake, alizaliwa mganga. Aliyezaliwa baba yake ameshafariki alimpulizia kinywani mtoto mchanga mwenye utando mweupe ulimini. Watu hawa husemwa "wana tiba", na hawadai malipo, pesa huiharibu. Pengine hata asante haitakiwi.

Ningeyacheka yote, lakini kuna Boho, kijiji cha Fermanagh, Ayalandi ya Kaskazini. Amezikwa hapo padri James McGirr, aliyefariki 1815. Inasimuliwa aliahidi kwamba udongo utakaomfunika utaponya aliyokuwa akiyaponya yeye. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea na wenzao walitangaza kuwa udongo wa Boho una bakteria wa jenasi ya Streptomyces, ukoo uleule uliotupa streptomaisini ya kifua kikuu, na kwamba anazuia vijidudu sugu kadhaa, MRSA akiwemo. Hayo ni ya maabara; wanakijiji wao huchota kiasi cha kijiko, wakafunga kitambaani na kulaza chini ya mto.

Udongo huo hauuzwi. Huazimwa, na siku ya nne hurudishwa kaburini, la sivyo nuksi itamwandama aliyeuchukua.