Hatari! na boksi la John Wayne

Wadau, mnaokusanya filamu za zamani, kabla hujasifia boksi angalia limepangwa kwa jina la nani. Hatari! ya 1962 imewahi kuuzwa ndani ya seti za DVD za John Wayne. Kibiashara sawa, jina lake linauza. Ila filamu yetu inaishia kubanwa katikati ya filamu za macowboy, na Momella haionekani kabisa.

Na Momella ndo penyewe jamani! Howard Hawks alirekodi huku Tanganyika 1960-61, kabla ya uhuru wa Desemba 9, 1961. Filamu inatoka, sisi tayari tuna bendera yetu. Wale tembo wadogo wanaokatiza mitaani wako Arusha mjini, Arusha ile ya kabla ya Azimio. Sisi wa historia tungepata wapi tena mitaa ile ikiwa kwenye rangi na inatembea? Hata Hardy Krüger, Mjerumani aliyeigiza humo, alipapenda mpaka akanunua shamba hukohuko chini ya Meru.

Jina la Kiswahili na ile alama ya mshangao nayapa maksi. Boksi lenyewe hapana. Ningeandika mgongoni "Arusha, 1960-61", jina la Wayne lifuate kwa herufi ndogo. Mwenye kava la mkanda wa VHS anitonye, nataka kulinganisha.