Vyeo vilivyoiangusha serikali ya Kiwewa

Serikali iliyoshika Buganda baada ya Kabaka (mfalme) Mwanga kupinduliwa, Septemba 10, 1888, haikufikisha wiki tano. Mwanga alikimbilia Magu, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na kiti chake akapewa ndugu yake Kiwewa. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki aliyehasiwa kwa amri ya Mwanga mwaka 1886, akawa Katikiro, yaani waziri mkuu na hakimu mkuu. Apolo Kagwa, Mprotestanti, akapewa jimbo la Singo kwa cheo cha Mukwenda. Waislamu nao walipata nafasi zao. Oktoba 12 Waislamu waliwafukuza Wakristo kwa bunduki, wakatorokea Ankole. Tumezoea kuambiwa kwamba dini ndiyo iliyoivunja serikali hiyo. Naona serikali ilivunjwa na namna vyeo vilivyogawiwa, na dini ikawa bendera ambayo kila kundi lilijipanga nyuma yake.

Ili jambo hili lieleweke, tuangalie cheo kilikuwa nini. Kwa Wabarabaig, wafugaji wa Getanuwas na kandokando ya Mlima Hanang huko Tanzania, mambo mazito yaliamuliwa kwenye mikutano ya wazee, wala hapakuwa na mfalme wa kumpa mtu nchi aitawale. Buganda ilikuwa kinyume kabisa. Aliyepewa Singo alipewa ardhi, watu, kodi na haki ya kugawa vyeo vidogo kwa wafuasi wake. Akivuliwa, hao wote wanaanguka naye. Isitoshe, mawaziri hawa walikuwa vijana waliolelewa ikulu na kupewa na Mwanga mwenyewe vikosi vyenye bunduki. Kiwewa hakuwa na la kuwazuia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mutesa, Kabaka aliyemtangulia Mwanga, na kwa mila ya Buganda mtoto wa kwanza wa kiume hakustahili kurithi kiti. Waliomweka ndio waliokuwa nguvu yake yote. Basi cheo cha Katikiro kilipokwenda kwa Mkatoliki, Waislamu waliojihesabu kuwa wengi hawakuwa na mtu wa juu wa kumlilia. Walichokuwa nacho ni bunduki.

Atakayepinga ataniuliza kuhusu tohara: Kiwewa alitakiwa atahiriwe, akakataa, akaondolewa, na ndugu yake Kalema aliyekubali akawekwa. Hoja hiyo ina uzito. Dini ya watu hawa haikuwa ya kuigiza. Waislamu waliuawa zama za Mutesa kwa ajili yake, na Wakristo wakachomwa moto Namugongo mwaka 1886. Lakini tazama mpangilio wa matukio. Shinikizo la tohara lilimbana Kiwewa hadi kumng'oa baada ya Wakristo kufukuzwa na vyeo vyao kugawiwa upya. Na kabla ya hapo dini hazikuwazuia Waislamu na Wakristo kumpindua Mwanga kwa pamoja, kwa kuwa wote waliamini anataka kuwatelekeza kisiwani wafe njaa. Wafanyabiashara Waarabu walichochea, ni kweli, ila walichochea ugomvi uliokuwa tayari na chanzo chake.

Ushahidi ulio na nguvu zaidi kwangu ni wa baadaye. Nyonyintono alifia vitani mwaka 1889, Wakristo walipokuwa wakipigana kumrudisha Mwanga, na Mwanga aliporudishwa Kagwa akawa Katikiro hadi 1926. Safari hii Waislamu hawakuwamo serikalini. Kama kisa kilikuwa Uislamu na Ukristo, hapa amani ingekaa. Badala yake Wakatoliki na Waprotestanti, walioishi uhamishoni pamoja Ankole, waligawana vyeo nusu kwa nusu na kuwekeana sharti kwamba atakayebadili dini atapoteza cheo chake. Sharti hilo lilimfunga mtu katika dini yake kwa kamba ya ardhi. Januari 1892 walipigana Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikawapa Waprotestanti ushindi.