Shabaha, Lengo na Mlengwa: Historia Fupi ya Maneno ya Kulenga

Katika Kiswahili cha leo, "shabaha" na "lengo" hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Insha hii inaonyesha kuwa maneno haya yana asili tofauti, na kwamba historia yake inatusaidia kulipima neno la tatu, yaani "mlengwa".

Shabaha ni neno lenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo, kwa Kiarabu kitu kinacholengwa huitwa hadaf. Shabah ni mfano au hali ya kufanana. Maana hiyo bado ipo katika Kiswahili: ndugu hushabihiana, lugha mbili huwa na mshabaha, na katika fasihi tunasoma tashbiha. Kiarabu kina pia shabah nyingine, yenye "h" nzito, inayomaanisha umbo linaloonekana kwa mbali au mzuka. Kiswahili hakitofautishi "h" hizo mbili, kwa hiyo lolote kati yake laweza kuwa chanzo. Kwa vyovyote vile, maana zote mbili zinaelekea mahali pamoja: anayejifunza kupiga huwekewa umbo badala ya mnyama au adui, na jina la umbo likawa jina la kinacholengwa.

Lengo, kwa upande wake, ni neno la Kibantu. Limetokana na kulenga, kama pendo lilivyotokana na kupenda. Kulenga kulikuwa tendo la mkono na jicho: kuelekeza mshale, jiwe au bunduki. Kwetu Rwanda tunasema intego, neno lenye mzizi wa gutega, yaani kutega mtego. Huko nako neno la mwindaji limekuwa neno la mipango.

Baadaye maneno haya yaliingia ofisini. Mwaka 2000 dunia ilijiwekea Malengo 8 ya Milenia. Mwaka 2015 yakaja Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yenye vipengele 169 vya kupimia hatua. Hapo mfasiri alihitaji maneno mawili, na "pacha" hawa wakapata kazi tofauti: lengo kwa nia kubwa, shabaha kwa kipimo kilicho chini yake.

Lakini mpango una watu, na watu hao huitwa walengwa. Nchini Tanzania, kaya maskini zinazopata ruzuku ya TASAF huitwa hivyo. Kisarufi, mlengwa ni mtendwa. Anayeshika upinde ni mwingine. Katika historia ya Rwanda, kulengwa kuna uzito zaidi: mwaka 1994 Watutsi walilengwa, yaani walisakwa ili wauawe. Neno lile lile linampokea anayepewa msaada na anayewindwa.

Kwa kumalizia, sisemi neno mlengwa lifutwe. Ninachopendekeza ni kwamba tunapoandika kuhusu watu wanaoshiriki katika mpango, tuwaite washiriki au wanufaika. Tuliache kulengwa kwa umbo lililosimamishwa uwanjani, ambalo halina la kusema juu ya mshale unaolijia.