Kiti cha Jua

Kiti hiki cha mahogani kilitengenezwa na fundi John Folwell wa Philadelphia mwaka 1779. Tazama juu ya egemeo: nusu jua, lililopakwa dhahabu. George Washington alikikalia kuanzia Mei hadi Septemba 1787, akiongoza wajumbe wa majimbo 12 walioandika Katiba ya Marekani kwa siri. Rhode Island haikutuma mtu.

Kilichokaribia kuwatawanya ni hesabu ya viti bungeni. Virginia ilitaka uwakilishi ufuate idadi ya watu; New Jersey ikadai kila jimbo lipate kura sawa. Julai 16 wakaafikiana: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi, Seneti usawa. Katika idadi hiyo, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, bila kupewa kura. Waliofaidi ni mabwana zao.

Siku ya kutia saini, Septemba 17, mjumbe Benjamin Franklin, mzee wa miaka 81, alisema sasa anajua jua hili linachomoza, halitui. Mapema mno: majimbo tisa yalipaswa kuiridhia Katiba kwanza. New Hampshire ilitimiza idadi hiyo Juni 1788. New York ilikubali kwa kura 30 dhidi ya 27. Rhode Island ikasubiri hadi Mei 1790, ikapitisha kwa 34 dhidi ya 32.