Vivutio vya utalii vya Mkoa wa Mwanza

Vivutio vya utalii vya Mkoa wa Mwanza ni maeneo ya asili, ya historia na ya utamaduni yaliyoko katika mkoa huo wa kaskazini mwa Tanzania, kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Muhimu zaidi ni miamba ya itale iliyozunguka jiji la Mwanza, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, visiwa vya Ukerewe na Ukara, Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, na maeneo yanayokumbusha safari za karne ya 19, ukoloni na ajali za meli ziwani.

Wageni wengi hupita Mwanza wakielekea Serengeti bila kukaa. Sababu moja ni kwamba vivutio vingi vya mkoa huu havina uzio wala lango: miamba imezungukwa na nyumba, visiwa vina mashamba na shule, na makaburi ya kihistoria yako kando ya mitaa ya watu. Kwa hiyo utunzaji wake unategemea wakazi kwa kiasi kikubwa.

## Eneo

Mkoa una wilaya za Nyamagana, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Nyamagana na Ilemela ndizo zinazounda jiji la Mwanza. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulihesabiwa kuwa na wakazi 3,699,872. Wenyeji wa bara ni hasa Wasukuma. Visiwani wako Wakerewe, Wakara na Wajita, na wavuvi kutoka pande zote za ziwa.

Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, nalo liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Tanzania, Uganda na Kenya zinaligawana.

## Vivutio vya asili

### Miamba ya itale

Mwanza huitwa "Jiji la Miamba". Vilima vyake ni vya mawe ya itale (graniti) ambayo ni sehemu ya miamba ya kale sana ya bara la Afrika, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe hayo yaliundwa chini ya ardhi kutokana na ujiuji wa moto uliopoa polepole. Udongo uliokuwa juu yake ulipochukuliwa na mvua katika muda mrefu, mwamba ulibaki wazi, ukapasuka kwa kufuata nyufa zake, na kingo zikamomonyoka hadi mawe yakawa ya mviringo. Ndiyo maana mahali pengi jiwe moja kubwa linaonekana kama limewekwa juu ya lingine kwa mkono wa mtu.

Mfano unaojulikana zaidi ni Jiwe la Bismarck, rundo la mawe lililosimama majini karibu na ufuko wa katikati ya jiji. Lilipewa jina la Otto von Bismarck, chansela wa Ujerumani, wakati wa utawala wa Wajerumani. Picha yake imekuwa alama ya Mwanza.

Juu ya miamba huishi pimbi na mjusi wa miamba ambaye jina lake la kisayansi, *Agama mwanzae*, linatokana na Mwanza. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi nyekundu au waridi, na sehemu ya nyuma ya buluu.

Miamba haimo katika hifadhi. Vilima vingi vya jiji vimejaa nyumba zilizojengwa katikati ya mawe, na mahali pengine mawe hupasuliwa kwa nyundo ili kupata kokoto za ujenzi. Kazi hiyo inalisha familia nyingi, lakini jiwe lililopasuliwa halioti tena.

### Kisiwa cha Saanane

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane iko katika Ghuba ya Mwanza, karibu kabisa na katikati ya jiji. Eneo lake lote, pamoja na maji yanayokizunguka kisiwa, ni kilomita za mraba 2.18, nayo ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania. Jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi hapo kabla kisiwa hakijachukuliwa na Serikali.

Mwaka 1964 kisiwa kilifanywa bustani ya wanyama, ili wananchi waweze kuwaona wanyamapori bila kusafiri hadi mbugani. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa chini ya TANAPA. Wageni huvushwa kwa boti kutoka Capri Point, safari ya dakika chache. Wanaweza kuona swala pala, pimbi, tumbili, kenge, mamba na ndege wa majini, na kupanda miamba kutazama jiji na ziwa. Wanafunzi wa shule za Mwanza ni miongoni mwa wageni wake wa kawaida.

### Ukerewe

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 530. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walitumia jina lake hata kwa ziwa lenyewe. Mji wake mkuu ni Nansio. Mgeni hukuta huko fukwe za mchanga, mashamba ya mihogo, mpunga na machungwa, na huko Bukindo yalikuwako makao ya watemi wa Wakerewe.

Ukerewe ina nafasi ya pekee katika fasihi ya Afrika. Aniceti Kitereza (1896–1981) aliandika kwa Kikerewe riwaya kubwa kuhusu maisha ya mume na mke wa kisiwa hicho kabla ya ukoloni. Alikamilisha mswada mwaka 1945, lakini hakupata mchapishaji. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980 kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kitabu kinaeleza kwa kirefu kilimo, uvuvi, ndoa, tiba na mazishi, hivyo ni mwongozo mzuri kwa msomaji anayetaka kukielewa kisiwa kabla ya kukitembelea.

### Ukara

Kaskazini mwa Ukerewe kuna kisiwa kidogo cha Ukara, chenye watu wengi kulingana na ukubwa wake. Kwa sababu ardhi ni haba na ya kichanga, Wakara walibuni kilimo chao wenyewe. Ng'ombe walifugwa ndani kwenye zizi lililochimbwa, wakaletewa majani, na samadi yao ikapelekwa shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, kisha wakayafukia kuwa mbolea. Ufukoni walichimba mashimo ya kuoteshea majani ya mifugo kwa maji ya ziwa. Wataalamu wa jiografia wameuandikia mfumo huo tangu enzi za ukoloni kama mfano wa kulima mwaka hadi mwaka bila kuhamahama. Ukara inajulikana pia kwa "jiwe linalocheza", ambalo wenyeji huwaonyesha wageni.

## Vivutio vya kihistoria

### Speke na jina la ziwa

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika eneo la Mwanza akitokea Kazeh (Tabora), alikomwacha mwenzake Richard Burton. Alipoliona ziwa alilipa jina la malkia wa Uingereza na kudai kwamba ndilo chanzo cha mto Nile. Burton hakukubali, na ubishi wao uliendelea kwa miaka. Speke alirudi kwa safari nyingine, na mwaka 1862 aliona mahali mto unapotoka ziwani, katika Uganda ya leo. Ghuba iliyo kati ya Mwanza na Ukerewe bado inaitwa Ghuba ya Speke.

Wakazi wa pwani walikuwa na majina yao muda mrefu kabla ya hapo: Nyanza kwa Wasukuma na majirani zao, Lolwe kwa Wajaluo, Nalubaale kwa Waganda. Jina la Mwanza lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno "nyanza".

### Kageye

Kageye ni kijiji cha ufukoni kwenye Ghuba ya Speke. Katika karne ya 19 kilikuwa kituo cha biashara kilichounganisha ziwa na njia ya misafara kwenda Tabora na pwani ya Bahari Hindi. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia. Henry Morton Stanley alifika Kageye mwishoni mwa Februari 1875. Hapo ndipo boti yake, *Lady Alice*, iliyobebwa vipandevipande na wapagazi kutoka pwani, iliunganishwa na kushushwa majini mwezi Machi ili kulizunguka ziwa. Frederick Barker, mmoja wa wenzake Waingereza, alifia huko mwaka huo huo.

### Mji wa kikoloni

Wajerumani walianzisha Mwanza kama kituo cha utawala mwaka 1892, na baadaye biashara ya pamba ikaukuza. Waingereza waliuteka Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928 na kuunganisha ziwa na Dar es Salaam. Kutoka enzi hizo yamebaki Jumba la Gunzert, lililojengwa juu ya kilima wakati wa Wajerumani, na mnara wa saa katikati ya jiji.

### Makaburi ya MV Bukoba, Igoma

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Wengi wa waliopatikana walizikwa pamoja katika makaburi ya Igoma, kata ya Nyamagana iliyo kando ya barabara ya Musoma. Kila mwaka tarehe hiyo ndugu, viongozi na wakazi hukusanyika hapo kwa sala na kumbukumbu.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa. Nacho kilikuwa kimezidisha abiria. Makaburi haya si mahali pa burudani: anayefika Igoma hutarajiwa kukaa kwa utulivu kama kwenye msiba, na kutopiga picha za wafiwa bila ruhusa.

## Vivutio vya utamaduni

### Makumbusho ya Wasukuma, Bujora

Bujora iko Kisesa, wilayani Magu, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Anayetokea mjini hupita Igoma kwanza. Mwanzilishi wake ni Padre David Clement kutoka Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefika Bujora mwaka 1952. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Serikali ilikuwa imefuta mamlaka ya watemi mwaka 1963, hivyo ngoma, viti na mavazi ya utemi yalikuwa katika hatari ya kupotea au kuuzwa.

Jengo mojawapo lina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Mengine yanaonyesha nyumba ya Msukuma, nyumba ya mganga na kazi ya wafua chuma. Kanisa la parokia nalo lilijengwa kwa kufuata nyumba ya Kisukuma.

Kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida mwezi Juni, hufanyika mashindano ya ngoma yaitwayo *Bulabo*. Washindani hufuata makundi mawili ya jadi, Bagika na Bagalu, yanayojihesabu kutoka kwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Kati ya ngoma zinazojulikana ni *bugobogobo*, inayochezwa kwa majembe na kutokana na kazi ya kulima pamoja, na ngoma ya nyoka ya Bayeye, wanaocheza na chatu.

### Soko la Mwaloni

Soko la Mwaloni lililoko Kirumba ni soko kubwa la samaki na dagaa. Hapo huonekana sangara, sato na dagaa waliokaushwa wakifungwa kwenye magunia kwenda mikoani na nchi jirani. Sangara si samaki wa asili wa ziwa hili. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Alileta viwanda na fedha, lakini pia alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu.

## Maeneo ya jirani

* Hifadhi ya Taifa ya Serengeti: lango la Ndabaka liko mkoani Mara, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma.
* Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita: ilianzishwa mwaka 1977, ina sokwe waliopelekwa kisiwani miaka ya 1960.
* Butiama, mkoani Mara: alipozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere.

## Usafiri na afya

Mwanza hufikiwa kwa ndege, reli, basi na meli. Daladala za barabara ya Musoma hufika Igoma na Kisesa. Nansio hufikiwa kwa meli kutoka Mwanza, au kwa kivuko cha Kisorya–Rugezi kutoka upande wa Bunda. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025 na kuondoa haja ya pantoni kwa wanaokwenda Sengerema na Geita.

Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na ndiyo rahisi kwa safari. Ziwani upepo hubadilika ghafla. Abiria anashauriwa kuvaa jaketi la kuokolea maisha na kutopanda chombo kilichojaa kupita kiasi. Kuoga kwenye maji yaliyotulia ufukoni kunaweza kuleta kichocho, na malaria ipo mwaka mzima.

## Tazama pia

* Ziwa Viktoria
* Wasukuma
* Wakerewe
* Hifadhi za Taifa za Tanzania