Gorkha, wilaya ya Nepal

Gorkha ni wilaya ya milimani katikati ya Nepal, katika Jimbo la Gandaki, magharibi ya bonde la Kathmandu. Eneo lake ni kilomita za mraba 3,610, na kaskazini inapakana na Tibet. Makao yake makuu ni Gorkha Bazaar, mji uliotandaa mgongoni mwa kilima, safari ya kilomita 140 hivi kwa barabara kutoka Kathmandu. Dola ya Nepal ilizaliwa hapa. Lakini anayetaka kuifahamu wilaya hii aanze na mwinuko wa ardhi yake, maana ndio unaoamua mtu alime nini, aseme lugha gani na aabudu vipi.

Kusini kabisa, pale mto Marsyangdi unapomwaga maji yake katika mto Trishuli, ardhi haifiki mita 300 juu ya usawa wa bahari. Joto ni kali na mpunga hustawi. Kaskazini umesimama Manaslu, mlima wa nane kwa urefu duniani, wenye mita 8,163, na kando yake Himalchuli (mita 7,893) na Ngadi Chuli (mita 7,871). Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine hakuzidi kilomita 100 kama ndege arukavyo. Mito mikubwa inashuka kusini katika mabonde membamba: Budhi Gandaki mashariki, mpakani na wilaya ya Dhading, Daraundi katikati, na Chepe magharibi, mpakani na Lamjung.

Watu wengi wanaishi katika vilima vya katikati, ambako kila mteremko umekatwa matuta. Hapa mahindi hupandwa kabla ya mvua za masika ya Asia kushika, na ulezi huoteshwa pembeni kwenye kitalu. Mvua ikishakolea, mwezi Julai na Agosti, wanawake huingia katikati ya mahindi yaliyosimama, wameinama, wakichomeka miche ya ulezi mmoja mmoja kwenye tope. Mahindi yakivunwa, ulezi unabaki peke yake shambani hadi majira ya baridi yakaribie. Ni kazi ya mgongo na vidole, na hakuna mashine inayoiweza kwenye matuta membamba kiasi kile. Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kujua kwamba nafaka hiyo asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na ilifika Asia zamani sana. Wenyeji huiita *kodo*. Unga wake husongwa katika maji yanayochemka mpaka ukaze, ukaitwa *dhindo*, na huliwa kwa mkono pamoja na mboga za majani zilizochachushwa na kukaushwa. Mtu wa Bukoba au Kisii akikaribishwa atajua kinachosongwa kabla sufuria haijaepuliwa.

Katika vilima hivyo Wagurung, Wamagar, Waghale, Wabrahmani na Wachhetri wamekaa vijiji vilivyopakana, pamoja na Wanewar wa madukani, Wakumal, Wabaram na Wachepang, na watu wa tabaka la Dalit ambao kwa vizazi vingi ndio wafua vyuma, washonaji na mafundi wa viatu. Kinepali ndicho kinachowaunganisha. Juu zaidi, katika mabonde ya Nubri na Tsum, lugha ni za jamii ya Kitibeti na dini ni Ubudha. Watu hupanda shayiri na viazi, hufuga yaki, na kila mwaka hupanda malishoni kutafuta *yarsagumba*, kuvu inayoota katika mwili wa kiwavi na kuuzwa kwa bei kubwa kama dawa. Watu wa Tsum waliweka kiapo mwaka 1920 kwamba hakuna mnyama atakayechinjwa wala kuwindwa bondeni kwao, na kiapo hicho kingali kinashikwa.

Huko juu milima haikuwa kamwe mahali pa michezo. Wajapani waliujaribu Manaslu mwaka 1953 wakashindwa. Baadaye poromoko la theluji liliua watu 18 kijijini Sama, na waliporudi mwaka 1954 wanakijiji waliwazuia, wakiamini miungu imeudhika. Kilele kilifikiwa tarehe 9 Mei 1956 na Toshio Imanishi na Gyalzen Norbu. Tangu mwaka 1998 eneo la kilomita za mraba 1,663 kuuzunguka mlima huo limekuwa hifadhi.

Kusini, hija kubwa ni ya Manakamana, hekalu la mungu wa kike Bhagwati lililo kwenye mita 1,302. Makuhani wake ni Wamagar wa ukoo mmoja. Zamani waumini walipanda kwa miguu kwa saa kadhaa. Tangu Novemba 1998 wanabebwa na vigari vinavyoning'inia kwenye waya kutoka Kurintar, ng'ambo ya mto, wengi wakiwa na mbuzi wa kutoa kafara.

Kuzaliwa kwa dola ya Nepal kulianza mwaka 1559, Dravya Shah alipoiteka ngome ya Gorkha. Mjukuu wake Ram Shah, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 17, alisawazisha vipimo na mizani na kuweka sheria za mikopo na ardhi, hata ikawa msemo wa Wanepali kwamba aliyekosa haki aende Gorkha. Prithvi Narayan Shah alirithi kiti cha ufalme mwaka 1743. Ufalme wake ulikuwa mdogo na maskini, lakini kati ya mwaka 1768 na 1769 aliuchukua mji wa Kathmandu na miji jirani ya Patan na Bhaktapur. Ukoo wake ulitawala Nepal mpaka ufalme ulipofutwa mwaka 2008. Wilaya hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwaka katika uasi wa Wamao (wakomunisti wa mrengo wa Mao) wa mwaka 1996, na ni kwao Baburam Bhattarai, kiongozi wa Wamao aliyekuja kuwa waziri mkuu.

Waingereza walipigana na Nepal kutoka 1814 hadi 1816, na tangu vita hivyo wakaanza kuwaandikisha vijana wa milimani wakiwaita Gurkha, kwa jina la mji huu, hata wale waliotoka wilaya za mbali. Wagurkha walikuwamo katika kikosi cha Kashmir Rifles kilichopigana Tanga Novemba 1914. Kijiji cha Barpak kilimtoa Gaje Ghale, aliyepata nishani ya Victoria Cross kwa vita vya Burma mwaka 1943. Sifa ya ushujaa ni ya haki, lakini isifiche sababu: matuta hayakutosha kuwalisha wote, na mshahara wa jeshi ulijenga nyumba za mawe.

Nyumba hizo zilianguka Barpak tarehe 25 Aprili 2015, saa 5:56 asubuhi, kitovu cha tetemeko la ukubwa wa 7.8 kilipokuwa hapohapo. Nchini kote walikufa watu karibu 9,000, na Gorkha peke yake zaidi ya 400. Ilikuwa Jumamosi, shule zimefungwa, na hilo liliokoa watoto wengi. Kijiji kimejengwa upya kwa zege na mabati. Watu wa kijiji jirani cha Laprak, ambao mteremko wao ulikuwa unateleza, walijengewa makazi mapya Gupsi Pakha, juu zaidi, kwenye baridi kali na mbali na mashamba yao.

Siku hizi vijana hawasubiri kuandikishwa jeshini. Wanachukua pasipoti na kwenda Qatar, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu au Malaysia, na fedha wanazotuma ndizo zinazolipa ada na mabati. Matuta ya mbali yanarudi kuwa msitu, na kima wanashuka kula mahindi ya matuta yaliyobaki. Sensa ya mwaka 2001 ilihesabu wakazi 288,134, ya mwaka 2011 ikahesabu 271,061, na ile ya mwaka 2021 ikapata 251,000 hivi.